"Mpe Miezi Mitatu, Atazoea": Miezi Gani?

Mwenyekiti mwengine wa bodi kanipigia juma lililopita. Shule yao ni ya binafsi, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, na wameajiri mwalimu mkuu kutoka Uingereza. Nikamuuliza wamempangia nini baada ya kumpokea. "Ah, mpe miezi mitatu, atazoea." Nimeisikia kauli hii mpaka masikio yameota sugu. Kazi yangu ni kuwapokea wakuu wageni na kuwa nao hadi wao na shule wakubaliane. Basi leo naandika, ili mwengine akiniambia hivyo nimtumie ukurasa huu tu.

Ya makaratasi sitayarefusha. Kibali cha kazi cha daraja D, kile cha mgeni aliyeajiriwa, huombwa na mwajiri, na kikikawia kuna pasi maalumu ya muda. Usajili wa TSC, tume ya walimu, PIN ya KRA ya kulipia kodi, kitambulisho cha mgeni. Nyumba ya Nyali yenye maji ya kisima ya chumvi na mabomba yaliyoliwa na kutu. Yote hayo mtu mmoja mwenye bidii anayamaliza. Tabu ni kwamba bodi ikishayamaliza hudhani mgeni ametulia.

Sasa hiyo miezi mitatu. Shule za mtaala wa Uingereza hufungua mwishoni mwa Agosti au Septemba. Mgeni anateremka kusi, upepo wa baridi, bado inavuma, usiku analala vizuri, wazazi wanamchekea, kila Jumamosi yuko baharini. Mwisho wa Novemba bodi inakaa, inamwona mtu mwenye furaha, inampitisha. Kumbe amepimwa katika miezi isiyompima mtu yeyote.

Kaskazi ikishakolea, mambo mengine. Februari na Machi hakulaliki kwa joto, stima ikikatika ndiyo kabisa. Watahiniwa wa IGCSE, mtihani wa sekondari wa mtaala huo wa Uingereza, wako kwenye mitihani ya majaribio. Na miaka hii Ramadhani nayo imeangukia humo humo, kwa kuwa hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka: 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, 2026 ikaanza Februari. Hapo ndipo mkuu anapoitisha kikao cha wazazi saa kumi na moja jioni. Sekretari anaandika tarehe: "Sawa, mwalimu." Naibu anaitazama meza. Hakuna anayepinga. Saa kumi na moja, mwezi wa Ramadhani! Marikiti hakupitiki, daraja la Nyali limejaa magari ya watu wanaowahi futari, na mkuu yuko ukumbini na viti vitupu na wazazi wanne, mmoja wao kaja kulalamikia basi. Kesho yake anaandika barua kali kuhusu wazazi wasiojali elimu ya watoto wao.

Bodi huniambia tatizo ni kwamba hakujua Ramadhani. Alijua! Kalenda ilikuwa ukutani, nyuma ya kiti chake. Alichokosa ni mtu wa kumkataza. Huku kwetu mkubwa haambiwi "hapana" mbele za watu, ni kumvunjia heshima. "Hapana" yake hujadiliwa baadaye chini ya mwarobaini, kisha hutumwa mtu mzima mmoja akaifikishe kwa upole. Mgeni aliyetoka kwenye vikao ambavyo kunyamaza ni kukubali huondoka akiamini kikao kimekwenda vizuri sana. Na tafadhalini, dawa si semina ya kuwafundisha walimu kujieleza. Nimezihudhuria hizo. Watu hula sambusa, hupiga makofi, hurudi na ukimya wao.

Dawa ni kumtafutia mkuu mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuingia ofisini watoto wakishaondoka, akafunga mlango na kusema, "Mwalimu, lile la asubuhi haliendi." Asiwe naibu, naibu huenda aliitaka kazi ile ile. Mara nyingi basari, mshika fedha wa shule, hufaa, au mwalimu wa dini. Shule moja nilimpata kwa madereva, mzee aliyewasomesha watoto wake wote pale na asiyemwogopa mtu.

Vitabuni kuna mchoro wa herufi U: mgeni hufurahi, huzama, kisha huibuka. Chimbuko lake ni utafiti wa Sverre Lysgaard wa 1955, juu ya Wanorwei waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Wanorwei, tena Marekani! Mimi sijamwona mkuu wa shule aliyepita juu ya mstari ule. Wengine huzama wiki ya kwanza, wengine mwaka wa pili. Naona joto na kalenda ya shule vina nguvu kuliko hatua za moyo, ila nakiri huenda nachanganya joto na upweke, maana huja pamoja. Wala siwezi kukuambia kwenye usaili nani atabaki. Wale niliowawekea dhamana moyoni ndio mara nyingi wanaoondoka.

Kisha kuna mwenza, ambaye bodi humkumbuka kwenye tiketi ya ndege tu. Pasi ya mtegemezi haimruhusu kufanya kazi. Mtu aliyekuwa mhasibu kwao sasa ana bwawa la kuogelea na bawabu wa kuongea naye. Novemba anapiga picha, Machi anaulizia nauli. Wengi walioondoka kabla ya mkataba kwisha, barua iliandikwa na mkuu lakini uamuzi ulikatwa nyumbani.

Anayeanza Januari, kwenye shule za mtaala wa Kenya, yeye anaonewa kinyume chake. Miezi yake mitatu ndiyo hiyo ya moto, na bodi inamwona ameshindwa kabla hajapumua. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu majaribio ya kazini ya hadi miezi 6, na mwajiriwa akiridhia yanarefushwa. Sasa mitatu ya nini? Wa Januari apimwe Juni, baada ya masika kumwonyesha mabasi yaliyokwama majini. Wa Septemba, miezi 6 inamfikisha mwisho wa Februari, kwa hiyo aombwe mapema kurefushiwa hadi Aprili. Na mwenza naye aulizwe anaendeleaje, tena peke yake, mkuu akiwa kazini.