Koti la mvua "linalopumua": maana yake, na kwa nini kwetu halipumui sana

Koti la baiskeli lililoshonwa kwa majira ya baridi ya Ulaya mara nyingi huwa na namba mbili kwenye lebo, zimetenganishwa kwa mkwaju: 10,000/10,000, au pengine 20,000/15,000. Namba ya kwanza ni ya maji yanayotaka kuingia. Ya pili ni ya mvuke unaotaka kutoka mwilini, na huko kutoka kwa mvuke ndiko kunakoitwa kupumua. Makoti haya hutufikia hapa Zanzibar ndani ya marobota ya mitumba, yakachanganywa na masweta na suruali za theluji, na masika ikikaribia mnunuzi huwa na suali moja tu: "Hili halipitishi maji?" Muuzaji hujibu halipitishi, na pengine asema kweli. Lakini turubai la lori nalo halipitishi maji, na hakuna anayelivaa.

Kupumua huku si kupita hewa. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize: pumzi ikitokea upande wa pili, hilo halina utando wa kuzuia maji, ni koti la kawaida tu. Koti la mvua la kweli karibu lote halipitishi pumzi. Kinachopita ni mvuke, yaani jasho lililokwisha kugeuka hewa juu ya ngozi. Jasho likiwa bado maji halina njia; litabaki ndani kama vile mvua inavyobaki nje.

Kazi hiyo hufanywa na utando mwembamba uliogandishwa nyuma ya kitambaa cha juu, na upo wa namna mbili. Namna moja una vitundu vidogo mno, vyembamba kwa tone la maji lakini vipana kwa mvuke. Huu ndio ulioanzia kwa Bob Gore wa Marekani, ambaye mwaka 1969 aligundua kwamba ile plastiki isiyoshika kitu, ile ile inayopakwa kwenye vikaango, ukiivuta kwa ghafla hutanuka na kujaa vitundu. Bidhaa yake, Gore-Tex, iliingia sokoni mwaka 1976. Namna ya pili ni mpako wa poliyurethini, aina nyingine ya plastiki, usio na kitundu hata kimoja. Wenyewe hunywa mvuke upande wa ndani na kuutoa upande wa nje. Makoti mengi ya bei nafuu ni ya namna hii ya pili, na mtumba mwingi pia, jambo ambalo lina matokeo yake, tutalifikia.

Tuzisome namba zenyewe. Ya kwanza hupimwa kwa milimita: 10,000 maana yake ni kwamba kitambaa kimewekewa maji juu yake, yakaongezwa polepole, na kimestahimili uzito wa maji yenye kimo cha mita 10 kabla ya matone kujitokeza upande wa pili. Mita 10 ni kama ghorofa tatu. Mvua yenyewe, hata ya masika, haisukumi kwa nguvu hiyo. Kinachosukuma ni mkanda wa begi la mgongoni unaokandamiza bega lililorowa, na kiwiko kilichokunjwa kikavuta kitambaa. Kwa safari za mjini 10,000 inatosha kabisa, na 5,000 si mbaya ikiwa hubebi begi. Anayekimbilia 30,000 ananunua ghorofa ambazo hatazipanda.

Namba ya pili hupimwa kwa gramu: ni gramu ngapi za mvuke hupita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24. Gawa 10,000 kwa 24 upate kama gramu 417 kwa saa. Koti la mtu mzima lina eneo la karibu mita moja ya mraba, kwa hiyo kwa hesabu ya maabara linaweza kutoa chini kidogo ya nusu lita kwa saa. Mpanda baiskeli anayekaza mguu kwenye joto anaweza kutoka jasho lita nzima kwa saa, na zaidi. Hesabu haikutani, hata kabla hatujatoka maabara. Tena namba hizi hazilinganishiki baina ya kampuni, kwa sababu kuna njia kadhaa za kupima na kila moja huja na jibu lake; 20,000 ya huyu yaweza kuwa 10,000 ya yule. Ukikuta kipimo kinachoitwa RET, yaani jinsi kitambaa kinavyouzuia mvuke, hicho husomwa kinyume: kidogo ndicho bora. Chini ya 6 koti linapumua sana, juu ya 20 umevaa nailoni.

Sasa tutoke maabara tuje Mwanakwerekwe, Unguja. Mvuke hutoka penye mvuke mwingi kwenda penye mchache. Hakuna injini nyingine inayousukuma. Juu ya ngozi yenye jasho, nyuzi 34 hivi, msukumo wa mvuke ni kama kilopaskali 5.3. Jijini London mwezi wa Januari, nyuzi 5 na manyunyu, hewa ya nje ina kama 0.7. Tofauti ni 4.6, na mvuke unatoka mbio. Unguja mwezi wa Aprili, nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 90, hewa ya nje yenyewe ina kama 3. Tofauti imebaki 2.3, yaani nusu. Koti lilelile, lebo ileile, linatoa nusu ya mvuke, na wewe unatoka jasho zaidi kwa sababu kuna fukuto. Ndiyo maana mtu anafika Malindi amerowa chapachapa chini ya koti zima lisilo na tundu, akaamini ameuziwa bovu.

Kabla hujarudi kugombana na muuzaji, angalia umerowa wapi. Jasho hulowesha sawasawa: mgongo wote, kwapa, ndani ya viwiko. Kuvuja huwa na mstari au doa: kwenye mshono wa bega, kando ya zipu, shingoni, au mwisho wa mikono ambako fulana ya ndani imechungulia nje ikanyonya maji kama utambi wa taa. Huko kwenye baridi kuna la tatu linalowadanganya hata wenyeji: koti la nje huwa baridi, mvuke ukiligusa kwa ndani hugeuka maji kama vile bilauri ya maji ya barafu inavyotoka jasho mezani.

Kuna na jambo linalofanana na kuvuja nalo si kuvuja. Kitambaa cha juu hupakwa dawa ya kukataa maji, ile inayofanya tone likae duara na kuteleza. Dawa hiyo huisha kwa msuguano, jasho, vumbi, mafuta ya mnyororo, na mafuta ya nazi yanayopanda kutoka shingoni. Ikiisha, kitambaa cha juu hunywa maji, huwa kizito na cha baridi, na utando ulio chini yake hufunikwa na maji. Maji hayaingii, ila mvuke nao hautoki. Makoti mapya mengi hutumia dawa isiyo na kemikali za florini kwa sababu za mazingira. Ni uamuzi mzuri, lakini dawa hiyo hushindwa haraka na mafuta. Kuijaribu, nyunyiza maji mabegani na usubiri dakika mbili. Yakibaki matone, iko hai. Pakigeuka doa jeusi, imelala.

Kuiamsha: fua koti kwa sabuni kidogo ya maji, zipu zimefungwa, suuza mara mbili au zaidi mpaka povu liishe, kwa sababu mabaki ya sabuni yenyewe huvuta maji. Usitie kabisa ile dawa ya kulainisha nguo. Anika kivulini mpaka likauke, kisha pitisha pasi ya moto mdogo bila mvuke, ukiweka kanga kuukuu katikati ya pasi na koti. Soma lebo kwanza. Palipochorwa pasi yenye alama ya kukatazwa, basi. Matone yasiporudi, itabidi dawa mpya ya kupulizia au ya kufulia. Dawa hiyo haizibi tundu.

Mtumba ugeuze ndani nje kabla hujauliza bei. Mpako wa poliyurethini una adui mmoja mkubwa, joto pamoja na unyevu, na sisi tunaishi ndani ya adui huyo. Maji ya hewani huuvunja taratibu hata kama koti halijavaliwa. Dalili ya kwanza ni kunata: mikunjo imeshikana, ukiivuta inalia kama utepe wa gundi. Kisha harufu ya uchachu, isiyotoka kwa kufua. Mwisho huchanika magamba meupe yanayobaki vidoleni kama ngozi ya muhogo uliokauka. Hapo hakuna fundi. Ule utepe wa kuziba mishono ni habari nyingine: ukibanduka sehemu ndogo, pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa huweza kuurudisha, au ubandikwe mpya. Angalia mishono ya mabega na kofia hasa. Koti lenye utepe kwenye mishono michache tu limeshonwa hivyo kiwandani kwa bei. Lifae manyunyu, lisitegemewe masika. Na ukishalinunua, litundike penye hewa. Kulikunja bichi na kulitia chini ya godoro ni kulitengenezea kifo hichohicho.

Mengi ya makoti ya baridi yana manyoya laini kwa ndani na kitambaa kizito kinachokata upepo. Hayo ni ya nyuzi 0 mpaka 10. Mwenye bodaboda anayetoka alfajiri wakati wa kipupwe anaweza kulivaa akastarehe, maana yeye amekaa. Mpanda baiskeli ni jiko linalowaka. Atalivua kabla hajafika Amani. Kwa masika yetu tafuta jembamba lisilo na manyoya, na uamini matundu kuliko utando. Zipu za kwapani zenye urefu wa shubiri moja, mpasuko mgongoni uliofunikwa kwa kipande cha juu, zipu ya mbele inayofunguka pia kutoka chini: hizo hutoa mvuke mwingi kuliko namba yoyote ya lebo. Bitana ya wavu ni bora kuliko kutokuwa na kitu, kwani utando mtupu hugandamana na mkono uliolowa.

Vipimo vya mwili vinategemea baiskeli. Koti la baiskeli ya mashindano hushonwa kwa mtu aliyeinama: mbele fupi, nyuma mkia mrefu, mikono mirefu kupita kawaida. Simama wima nalo litaonekana limekosewa. Kwa baiskeli ya Phoenix, ambayo hukalisha mtu kitako kama yuko barazani, mbele fupi huacha mapaja na tumbo vipokee mvua yote. Tafuta lililo sawa mbele na nyuma. Lijaribu ukiwa umenyoosha mikono kushika usukani. Mikono isipande juu ya kifundo, na mgongo usibane. Kofia iwe ya kubana au iache kabisa: ile pana haigeuki pamoja na kichwa, ukitazama nyuma kuona daladala unaona bitana.

Kisiwani Pemba, kwenye vilima, zipu ndiyo gia ya pili. Ukiukabili mwinuko fungua kwapa na kifua kabla hujaanza kuhema. Ukifika juu funga, kwa sababu ukiteremka umelowa jasho upepo wa mteremko ndio unaokamata. Usingoje uone jasho ndipo ufungue, limeshageuka maji na maji hayatoki.

Kwa safari ya robo saa katika mvua ya vuguvugu, kusema kweli, huenda usihitaji koti. Nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na madigadi yaliyokaza mbele na nyuma. Tope na maji mengi yanayokufikia mgongoni na miguuni hayatoki mbinguni, yanarushwa na magurudumu.

Anayekwenda kusoma kwenye baridi, huko namba zote mbili hurudi kuwa na maana, na lile koti la manyoya pia. Nyuzi 5 katika upepo wa kilomita 20 kwa saa, ambao ndio mwendo wake mwenyewe juu ya baiskeli, ngozi huzihisi kama nyuzi 1. Ndani avae polista nyembamba au sufi, asivae pamba, kwa kuwa pamba hulowa jasho na haikauki. Dakika kumi za mwanzo ahisi baridi kidogo. Akitoka mlangoni yuko sawa, kilomita mbili mbele atakuwa anachemka. Koti liwe na nafasi ya fulana moja chini yake, si sweta mbili.

Ukibaki na shaka juu ya koti, tandika kitambaa chake juu ya bilauri kavu, upande wa nje ukiwa juu, kaza kwa mpira, mimina vijiko vitatu vya maji, na bonyeza kwa kidole gumba. Kagua upande wa chini baada ya dakika kumi. Fanya jaribio hilo kwenye bega, si kifuani. Begani ndipo mkanda wa begi huanza kuula mpako.