Kilometa 30 katika joto la Unguja

Anayejiandaa kwa marathoni yake ya kwanza, yaani kilometa 42.195, namtaka akimbie kilometa 30 mara moja, wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Si zaidi. Na saa 3 na nusu zikipita hajamaliza, asimame hapo hapo. Baada ya muda huo misuli huumia kuliko inavyojengeka, na uchovu wake atakwenda nao hadi kwenye mashindano.

Wengi huiharibu mbio hii katika kilometa 10 za mwanzo. Alfajiri hewa imepoa, miguu ni myepesi, mtu anaondoka kwa kasi ya mashindano. Hapa kwetu unyevu hauliachi kosa hilo. Jasho hupoza mwili kwa kukauka, si kwa kutoka tu, na hewa ikishajaa mvuke linabaki kudondoka bure. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi, na miguu inapunjwa. Kwa hiyo msimu wa kaskazi, wakati wa joto kali, kipimo changu ni mazungumzo: ukishindwa kutamka sentensi nzima bila ya kuhema, punguza, hata kama saa ya mkononi inasema unakwenda polepole. Anayetarajia kumaliza marathoni kwa saa 4 na nusu atakimbia siku hiyo kilometa moja kwa dakika 6 na sekunde 24. Katika mazoezi haya aende kwa dakika 7. Ndiyo hizo saa 3 na nusu.

Anza viwanja vya Maisara, mjini, mara baada ya Sala ya Alfajiri, nenda Bububu, upande wa kaskazini, urudi. Ni kama kilometa 20. Shika upande wa kulia ili magari uyaone yanakuja, na uvae kitu kinachong'aa. Upepo wa kusi ukiwa umeamka, wakati wa kwenda utakuwa mgongoni na hutousikia. Utajiona una joto kupita kawaida. Wakati wa kurudi utakupiga usoni, jua limeshapanda, na hiyo ni neema hata kama unakupunguza mwendo. Kilometa zilizobaki zungukia Maisara penyewe, ulipoacha ndoo ya maji na barafu. Kila ukipita jimwagie kichwani na shingoni, ila viatu usivirowanishe: soksi mbichi ndizo zinazoleta malengelenge. Ukihisi baridi au kizunguzungu jua likiwaka, mbio imekwisha kwa siku hiyo. Kaa kivulini, ujipoze.

Kinywaji changanya mwenyewe: maji lita 1, sukari vijiko 4 vya chakula (karibu gramu 50), chumvi robo kijiko cha chai, na ndimu. Kunywa kama nusu lita kwa saa, kwa mafunda madogo madogo. Dafu ni zuri baada ya mbio, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu (madini ya kwenye chumvi) kidogo, na kinachotoka zaidi kwenye jasho ni sodiamu. Pamoja na hayo kula tende ndogo 4 kila dakika 40. Usisubiri njaa, kwani akiba ya sukari misulini ikishakwisha, tende ya wakati huo haiwahi kukuokoa. Usiku uliotangulia ni wali na samaki. Urojo na pilipili yake usubiri.

Mafuta ya mgando paka kwapani, mapajani na kifuani, ngozi isichubuke.

Jipime uzito kabla na baada, bila ya nguo zilizolowa. Kilo 1 iliyopungua ni takriban lita 1 ya jasho. Mtu wa kilo 70 akirudi na 68 amepoteza karibu asilimia 3, na mbio ijayo aongeze kinywaji. Aliyerudi na uzito zaidi ndiye anayenitia hofu. Amekunywa kupita kiasi, na maji ya ziada yanazimua sodiamu ya damu: kichwa kinamuuma, anatapika, anachanganyikiwa, na wenzake wanamletea maji zaidi wakidhani ni kiu. Huyo asipewe maji, apelekwe hospitali.