Msitu wa Kakamega: leseni kwanza, halafu utepe

Mhitimu wa ekolojia aliye Kisumu au Nakuru hana haja ya kufika Kongo ndipo auone msitu wa mvua. Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, una miti mingi ya aina zilezile, na una nafasi ya utafiti kwa anayeanza, mradi aje na swali dogo linalojibika kwa msimu mmoja. Kwa mfano: je, mipera imeingia msituni umbali gani kutoka ukingoni?

Kinachowachelewesha wengi ni vibali. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, huombwa mtandaoni, lakini peke yake haikufungulii msitu. Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya KFS, shirika la huduma za misitu. Hifadhi ya kaskazini, Buyangu, iko chini ya KWS, shirika la huduma za wanyamapori. Ukitafiti wanyamapori, taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori, WRTI, iliyoko Naivasha nayo inahusika. Kabla ya kuanza, ripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Jipe miezi mitatu kwa haya yote. Asiye na mradi wake aulize wahadhiri wa Maseno au Masinde Muliro kama wanahitaji msaidizi wa kupima miti. Ndiyo njia ya haraka, na mtu hujifunza zaidi hapo kuliko darasani.

Kupima kwenyewe kunaonekana rahisi. Ploti, yaani kipande cha msitu kinachopimwa, kwa kawaida ni mita 20 kwa 20, na ploti 25 hufanya hekta moja. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, utepe uliolazwa juu ya ardhi mita 20 unakupa mita 18.8 tu za usawa. Ploti inapungua kutoka mita za mraba 400 hadi 376, na hesabu ya miti kwa hekta inaharibika kimyakimya. Urefu upimwe kwa usawa, utepe ukiinuliwa vipande vifupivifupi.

Mzingo wa shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, ukisimama upande wa juu wa mteremko, kisha hugawanywa kwa 3.14 kupata kipenyo. Mti wenye mizizi iliyosimama kama mbao upimwe nusu mita juu ya mizizi hiyo, na kimo ulikopimia kiandikwe. Ingiza utepe chini ya mitambaazi, usiupitishe juu yake. Mti wa mwiritsa (Prunus africana) uliochunwa magome kwa ajili ya dawa upimwe palipo pazima.

Sentimita 2 za kosa kwenye mzingo ni zaidi ya milimita 6 za kipenyo, na mti wa kivulini unaweza kunenepa chini ya hapo mwaka mzima! Kwa hiyo piga mstari wa rangi pale utepe ulipopita, ili atakayerudi mwakani apime papo hapo.

Anza saa moja asubuhi, kwa kuwa mvua hupenda kuja alasiri. Andika kwa penseli. Wino hutoka maji yakigusa karatasi. Kabla ya kuhama ploti, mwenzako apime upya mti mmoja katika kila kumi bila kuona tarakimu zako.