Nani kasema dawa ya kifafa ni ghali?

Juzi nimeambiwa tena, na baba aliyemsindikiza mdogo wake kliniki: "Daktari, kifafa ni ugonjwa wa wenye pesa, sisi wa vijijini dawa zake hatuziwezi." Nimechoka kuyasikia maneno haya. Fenobabitoni inatibu kifafa tangu 1912. Shirika la Afya Duniani linasema dawa ya mwaka mzima inaweza kupatikana hata kwa dola 5, na kwamba wagonjwa hadi asilimia 70 wakitibiwa ipasavyo wanaweza kuishi bila kuanguka.

Hapa Dodoma kinachowashinda watu ni safari ya kuifuata. Mama mmoja wa Chamwino alifungua fundo la khanga mezani kwangu. Ndani mlikuwa na kipande cha gazeti na vidonge kumi na kimoja. "Nampa nusu nusu, daktari, zifike mwezi ujao." Bodaboda hadi barabarani, halafu basi, na siku nzima shamba limelala, wakati mvua zetu ni za msimu mmoja tu. Zahanati ya karibu walimwambia dawa zimeisha. Akapunguza dozi kwa hesabu zake, binti akaangukia mafigani, na leo vidole vya mkono wa kushoto vimegandana kwa kovu. Ndugu wakasema dawa imeshindwa. Mbuzi watatu wakaenda kwa mganga. Mbuzi watatu! Hiyo ni fenobabitoni ya miaka mingi.

Na waliokuwepo walichelewa kumvuta motoni wakiogopa povu. Povu haliambukizi. Mvuteni.

Dawa hii haikatizwi ghafla. Degedege zinaweza kufululiza hadi zikaua. Ndiyo maana mgonjwa aliyetulia nampa ya miezi mitatu kwa mkupuo, hata nikinung'unikiwa kwenye dirisha la dawa.

Ila kuna jambo linaninyima raha. Nina mvulana wa darasa la tano anayetumia fenobabitoni, haanguki tena, lakini anasinzia darasani na hesabu zimemkimbia. Kwenye madhara ya dawa hii, vitabu vinaandika "usingizi" vikapita. Kumhamishia kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, ni vidonge asubuhi na jioni, kwa bei ya juu zaidi, na mama yake anauza mboga peke yake. Nikimwacha kwenye fenobabitoni, shule inampotea. Nikimbadilishia na dawa ikakosekana mwezi mmoja, ataanguka upya. Wanarudi Alhamisi, na bado sijaamua.