Greta Garbo hakutawa

Ukimtaja Greta Garbo, yule mwigizaji wa filamu za Hollywood za zamani, kwenye baraza la kahawa hapa Ngamiani, wazee waliokuwa wakipanga foleni sinema ya Majestic enzi zile watakwambia jambo moja: yule mwanamke alijifungia ndani miaka hamsini. Vijana waliomjulia kwenye klipu za simu wanaongeza chumvi, ati alikuwa na siri nzito, ndiyo maana akanyamaza. Kwa hili watu wa Tanga hatujambo. Mtu akipita akatoa salamu bila kuketi, kabla hajafika kona amekwisha kupewa ugonjwa, deni na mume wa pili.

La kujifungia ndilo sugu kuliko yote, na ndilo rahisi kulipangua. Tangu 1953 mpaka alipofariki tarehe 15 Aprili 1990, akiwa na miaka 84, Garbo aliishi kwenye fleti ya Mtaa wa 52 Mashariki, New York. Anayekimbia watu haendi kukaa Manhattan. Angetafuta Lushoto yake huko kwao. Tena alikuwa mtembezi hodari. Alitoka kwa miguu, miwani myeusi machoni, kofia imeshushwa usoni, akazunguka mitaa na kuingia maduka ya vitu vya kale. Watu walimtambua, wakawa wanaulizana nani kamwona leo na wapi. Kiangazi alikwenda Klosters, Uswisi. Alisafiri baharini kwenye meli ya anasa ya Aristotle Onassis, tajiri wa Kigiriki. Alinunua michoro ya Renoir na Bonnard, wachoraji mashuhuri wa Kifaransa, akaitundika kwake. Alichokataa ni kingine kabisa: kuhojiwa na magazeti, kuwatilia mashabiki saini, kwenda kwenye uzinduzi wa filamu. Hata Oscar ya heshima aliyopewa 1955 hakwenda kuipokea.

Halafu kuna ile sentensi, "Nataka kuwa peke yangu," inayobandikwa kila penye picha yake. Hayo ni maneno ya mhusika. Yamo katika Grand Hotel ya 1932, alipocheza kama mnenguaji wa bale wa Kirusi aliyechoshwa na maisha. Yeye mwenyewe baadaye alilalamika kwamba hakuwahi kusema hivyo; alichosema ni kwamba asibughudhiwe, na hayo ni mambo mawili. Muulize mama yeyote anayekaa nyumba moja na wapangaji sita, atakufafanulia bila kusita.

Wapo wajuaji wanaosema usiri wote ule ulikuwa biashara. Hawa nawasikiliza kidogo, maana wana chembe ya ukweli. Garbo alifika Marekani 1925 akitoka Sweden, ana miaka 19, Kiingereza cha kuokoteza. Kwao Stockholm alikuwa mtoto wa kibarua. Baba alikufa 1920, naye akaingia kazini kwa kinyozi, akiwapaka wateja povu la sabuni kidevuni, kisha akauza kofia dukani. Kampuni ya filamu ya MGM mwanzoni ilimtumia kama ilivyowatumia wageni wote: ikampiga picha na simba, ikampiga picha na wanariadha wa chuo kikuu. Filamu zake zilipoanza kuuza, akaikataa michezo hiyo. MGM ikagundua kwamba ukimya nao una soko, ikautia sokoni. Anna Christie ya 1930, filamu yake ya kwanza yenye sauti, ilitangazwa kwa maneno mawili tu, "Garbo anazungumza!" Na 1939 Ninotchka ikapewa "Garbo anacheka!"

Kwa hiyo biashara ilikuwepo, ila ilikuwa ya kampuni. Kwake yeye ilikuwa namna ya kufanya kazi. Wakati wa kupiga filamu alitaka sehemu ya kuigizia izungushiwe vizuizi, abaki mwongozaji, mpiga kamera, ambaye mara nyingi alikuwa William Daniels, na wale wa lazima. Wageni wa kuchungulia hawakutakiwa, hata wawe wakubwa. Tazama mwisho wa Queen Christina ya 1933 utaona faida yake. Malkia amesimama kwenye ncha ya mbele ya meli. Kamera inamsogelea taratibu mpaka uso unajaa skrini, na uso ule haufanyi chochote, hata kope kama hazitaki kugusana. Mwongozaji, Rouben Mamoulian, alikuwa amemwambia asiwaze kitu. Kila anayetazama anamjazia huzuni yake mwenyewe. Hilo halifanyiki huku mtu amezungukwa na watu wanaotafuna njugu.

Sasa mapenzi, ambako udaku umenona. Inasimuliwa kwamba 1926 alimtelekeza mwigizaji John Gilbert siku ya harusi yao, na Gilbert kwa hasira akamtwanga ngumi bosi wa MGM, Louis B. Mayer. Kisa kitamu, lakini kinasimama juu ya simulizi la Eleanor Boardman, aliyekuwa bibi harusi mwingine siku hiyohiyo, alilolitoa miaka mingi baadaye, na wapo waandishi wa maisha ya Garbo wasiokiamini. Lenye ushahidi ni hili: Gilbert alipokuwa ameshuka jina, na mwigizaji Laurence Olivier amekwisha kupangwa kucheza na Garbo katika Queen Christina, Garbo alishikilia aletewe Gilbert. Akaletewa. Kuolewa hakuolewa, na mtoto hakupata.

Zikaja barua. Mwandishi Mercedes de Acosta, rafiki yake wa karibu wa miaka mingi, alizikabidhi barua za Garbo kwa makumbusho ya Rosenbach, Philadelphia, kwa sharti zisifunguliwe mpaka ipite miaka 10 tangu wote wawili wafe. Zilifunguliwa mwaka 2000, dunia imetega masikio. Barua ya mapenzi iliyosubiriwa haikuwamo. Sisemi kwamba hakupenda mtu. Nasema tu kwamba hata alipomwandikia rafiki kwa siri, aliandika kwa akiba.

Lingine ni kwamba aliapa kuacha filamu baada ya Two-Faced Woman ya 1941 kuchambuliwa vibaya. Kiapo hakikuwepo. Alikuwa na miaka 36, na vita vilikuwa vimefunga soko la Ulaya, ambako filamu zake zilikuwa zikiingiza fedha nyingi. Mwaka 1949 alirudi mbele ya kamera kufanya majaribio ya filamu ambayo ingeongozwa na Max Ophüls. Fedha za mradi hazikutimia, ukafa. Kuanzia hapo hakucheza tena.

La kwamba alikufa maskini halina hata pa kusimama. Aliacha mali ya mamilioni ya dola, akarithi binti wa kaka yake, na ile michoro ikapigwa mnada New York mwaka huohuo wa 1990.