Sio mwili wa mtoto uliozoea Amoxi, ni bakteria

Jamani hii ya "dokta, Amoxi (antibayotiki ya amoxicillin) kwake haifanyi kazi tena, mwili umeshazoea, niandikie kali zaidi" nimechoka kuisikia kwa kweli, kaa kliniki yoyote ya watoto Mbagala au Gongo la Mboto asubuhi moja tu utaisikia. Mwili hauzoei antibayotiki. Anayekuwa sugu ni bakteria. Pneumokokasi, bakteria anayeleta nimonia, anaishi puani na kooni kwa watoto wadogo wengi tu, wazima kabisa wanacheza, sasa ukimpa mtoto antibayotiki kwa mafua ya virusi, bakteria wanaosikia dawa wanakufa, wanabaki sugu, wanazaana wanajaza nafasi, akipiga chafya wanahamia kwa mtoto wa jirani. Ndo maana mtoto ambaye hajawahi kuonja Amoxi anaweza kupata bakteria sugu.

Halafu mama anakimbilia Azuma (antibayotiki ya azithromycin). Hiyo inakaa mwilini siku nyingi ikiisha polepole, na kile kiwango kidogo kinachobaki hakiui bakteria wote, kinawachuja sugu tu. Wakati Amoxi kwa nimonia bado ndo dawa ya kwanza, ila kwa dozi kamili ya uzito wake, asubuhi na jioni, siku 5. Pneumokokasi wengi wenye usugu kiasi bado dozi kubwa inawaua, dozi ndogo ndo inashindwa kuwaua, kwa hiyo kile kijiko cha jikoni weka pembeni, omba bomba la sindano lisilo na sindano upimie mililita.

Kamasi kuwa la kijani? Sio dalili ya kuhitaji antibayotiki, mafua ya kawaida yanafanya hivyo.

Eti kachanjwa hawezi kupata nimonia. Chanjo ya pneumokokasi ya wiki ya 6, 10 na 14, tuliyoanza kuitoa Tanzania 2013, inakinga aina 13 na pneumokokasi ana aina zaidi ya 90, pia nimonia ina visababishi vingine. Lakini mpeleke! Inapunguza hata wale sugu.

Feni nayo haileti nimonia, tuachane na imani hiyo.

Ninachowaomba mfanye kabla ya kwenda duka la dawa: mtoto akiwa ametulia mpandishe fulana, weka dakika moja kwenye simu, hesabu pumzi. Miezi 2 mpaka 11 zikifika 50, au mwaka 1 mpaka 5 zikifika 40, nenda kituo cha afya leo leo. Kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usihesabu chochote, mbebe muende.