Bao la Kiswahili si lile la kwenye simu

"Bao nalijua, ni ile mankala ya kwenye simu." Hii ndiyo kauli ninayoisikia sana kwa vijana, na ndiyo inayonikera kuliko zote. Mchezo unaopakuliwa kwa jina hilo mara nyingi ni Kalah, na kanuni zake alizitunga Mmarekani William Julius Champion katika miaka ya 1940: mistari miwili, mashimo sita kwa kila mchezaji, na ghala kubwa kila mwisho wa ubao. Mankala ni jina la ukoo mzima wa michezo ya kusambaza kete kwenye mashimo. Bao letu lina mistari minne ya mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64 ambazo kwa kawaida ni mbegu za komwe.

Aliyeanzia kwenye simu huja na imani nyingine, kwamba anayekula kete nyingi ndiye mshindi. Kwenye bao hakuna ghala. Kete ukizila unazisambaza upande wako mwenyewe kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho pembeni mwa mstari wa mbele, na zote zinabaki ubaoni mpaka mwisho, ziweze kuliwa tena. Unashinda kwa kumaliza mstari wa mbele wa mwenzio, au kwa kumwacha hana pa kucheza. Kwa hiyo mtu anaweza kujaza kete mstari wa nyuma, akajiona tajiri, kisha akafungwa kwa sababu mbele pamekauka.

Wengine husema ni bahati tu. Bahati itoke wapi? Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa; kila kitu kiko wazi mbele ya wote wawili. Mnapoanza, kila mmoja anaweka kete 10: sita katika nyumba, lile shimo la mraba la mstari wa mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwake. Zilizobaki, 22, zinakaa mkononi. Hatua ya kwanza ni kunamua, kuingiza kete moja kila zamu. Zikiisha mkononi ndipo mnaingia mtaji, hatua ya pili, ya kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Kinachomchanganya mtazamaji ni urefu wa mwendo. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na la mwenzio linalolikabili lina kete pia, unakula tena. La mwenzio likiwa tupu, unachota zako na kuendelea kusambaza, hadi ulale, yaani zamu yako ikome, kwenye shimo tupu. Mwendo mmoja waweza kuuzunguka ubao zaidi ya mara moja, na kete zikatawanyika kiasi cha kuonekana kama ajali. Fundi ameshauhesabu mwendo huo kichwani kabla hajagusa kete. Anajua utalala wapi, na zaidi ya hapo anajua mwenzio atabaki na nini.

Halafu kuna nyumba. Kete ya mwisho ya mwendo wa kula ikiishia humo wakati wa kunamua, mwenyewe anachagua: alale, au aisafirishe, avunje akiba yake yote na kuisambaza. Ukiisafirisha mapema unaweza kumsambaratisha mwenzio. Ukiichelewesha, ataila yote kwa mpigo mmoja. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye utamu wote wa bao, na ni jambo ambalo huwezi kulikuta katika Kalah.

Kwa hiyo naona uchungu bao linapoitwa mchezo wa wavivu wa vijiweni. Mwalimu Nyerere alilipenda. Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alifanya utafiti wake wa udaktari, uliokamilika mwaka 1995, juu ya umahiri wa mafundi wa bao wa Zanzibar. Awari, mankala ya Afrika Magharibi yenye mashimo 12 na kete 48, ilimalizwa kabisa na kompyuta huko Amsterdam mwaka 2002: hali zote za ubao, zaidi ya bilioni 889, zilikokotolewa, na ikathibitika kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Bao halijafika huko. Makadirio ya hali zake yanafikia moja yenye sifuri 25.

Na umri je? Utasoma kwamba lina miaka 7,000. Msingi wa dai hilo ni safu za vishimo kwenye mawe ya kale, na vishimo peke yake havisemi vilitumiwa kwa kazi gani. Maandishi ni ya hivi karibuni zaidi: mwaka 1658 Mfaransa Étienne de Flacourt alieleza mchezo wa aina hii aliouona Madagaska.

Wapo pia wanaosema tuliletewa na Waarabu. Tazama mistari minne inapochezwa: omweso Uganda, igisoro Rwanda, isolo kwa Wasukuma, bawo Malawi, tsoro Zimbabwe, katra Madagaska. Nje ya Afrika mistari minne ni nadra. Oman wana hawalis, ya mashimo saba kila mstari, na Oman ndiyo nchi ya Kiarabu iliyofungamana kwa karne nyingi na pwani yetu kwa majahazi, biashara na ndoa. Ukiipima ramani hiyo, ni rahisi zaidi kuamini kwamba mchezo ulipanda jahazi huku ukashuka kule.